USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO
Jinsi ya kutunza afya na moyo wakati safari ya ng'ambo inapochelewa



Kila wiki kwenye kituo cha afya tunaonana na watu ambao hawana homa, hawaharishi, wala hawana kidonda, lakini ni wagonjwa. Hawapati usingizi. Chakula kinawashinda. Kichwa kinawauma kila siku na vidonge vya maumivu havisaidii. Ukikaa nao kidogo ukawauliza habari za nyumbani, mazungumzo yanafika mahali pamoja: kesi ya safari. Mmoja aliitwa mahojiano mwaka juzi, hajaitwa tena. Mwingine alipimwa, vipimo vikaisha muda wake. Mwingine jina lake lilibandikwa ubaoni, kisha likaondolewa. Jirani yake amekwenda Canada, yeye bado yupo.

Katika toleo hili tunaongea juu ya ugonjwa huo wa kungoja. Hatuwezi kukuambia utasafiri lini, wala kama utasafiri. Kituo cha afya hakina uwezo huo. Tunachoweza ni kueleza kwa nini safari hukwama, wale waliokwama kabla yako walifanya nini, na wewe ufanye nini ili mwili wako, akili yako na nyumba yako visiharibike katika kungoja.

FOLENI YA MALABA

Sisi wa huku mpakani, kuanzia Kisoko na Tororo mjini hadi Malaba na Busia, tunajua kungoja ni nini. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva wa malori walilazimika kungoja majibu ya vipimo kabla ya kuvuka mpaka. Foleni upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita. Dereva aliyetoka Mombasa akitegemea kuvuka siku moja alijikuta amekaa barabarani siku nyingi.

Walikuwepo waliomaliza siku hizo kwa matusi na pombe. Lakini wengi walifanya jambo la busara. Dereva alifunga mzigo wake vizuri, akatafuta maji safi, akawasha jiko la mkaa kando ya gurudumu, akapika, akapiga simu nyumbani, akalala. Hakujua foleni itasogea lini. Alijua kwamba ikisogea ni lazima awe na nguvu za kushika usukani.

Wakazi wa huku wanakumbuka pia mwaka 2008. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengine walipokelewa kituo cha Mulanda, hapa wilayani Tororo. Walipofika, wengi walidhani ni jambo la wiki mbili tatu. Wiki zikawa miezi, na mwaka huohuo waliobaki walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mpaka, wakagawiwa mashamba. Waliokuwa wakiamka kila asubuhi kutazama barabara ya kurudi kwao walipata taabu kubwa kuanza kulima. Waliochukua jembe mapema walivuna mapema. Na kuchukua jembe hakukumzuia mtu kurudi kwao siku ilipofika.

UGONJWA WENYE JINA

Wakimbizi wa Kisomali waliokaa Dadaab, kambi zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991 kaskazini mashariki mwa Kenya, wana neno lao: buufis. Neno hili linatokana na kupuliza, kama mtu anavyojaza hewa kwenye kibofu. Hiyo hewa ni hamu ya kwenda nchi ya tatu. Inaingia kidogo kidogo, inajaa, mpaka ndani ya mtu hakuna nafasi ya kitu kingine. Watu wa Dadaab hutumia neno hilo kwa hamu yenyewe, na hulitumia pia kwa mtu aliyechanganyikiwa baada ya tumaini lake kupasuka.

Hamu ya kwenda mahali penye usalama si ugonjwa. Kila mzazi anataka mtoto wake akue mahali pazuri. Inakuwa ugonjwa pale inapokula maisha ya leo. Dalili zake tunaziona kambini, na pengine wewe pia unazifahamu:

- Mtu anaacha kulima au kufanya biashara kwa sababu "si nitaondoka."
- Anauza mabati, baiskeli, cherehani au mbuzi kabla hajapewa tarehe.
- Anamtoa mtoto shule akisema atasoma huko mbele.
- Anakwenda kwenye ubao wa matangazo asubuhi, mchana na jioni, na kila akirudi ana hasira na watu wa nyumbani.
- Hataki salamu za jirani ambaye jina lake limetoka.
- Anakaa kwenye mtungi wa malwa kuanzia asubuhi, au anakunywa waragi ili apate usingizi.

Ukijiona katika mambo haya, usione haya. Wewe si mtu dhaifu. Unabeba mzigo mzito, na mzigo mzito una namna yake ya kubebwa.

WATU WALIONGOJA ZAIDI YA MIAKA KUMI

Tuangalie watu ambao safari yao ilikwama mara nyingi, tena kwa kundi zima. Ni Wabantu wa Somalia. Mababu zao walikuwa Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Walikamatwa katika karne ya 19, wakapitishwa masoko ya watumwa ya Kilwa na Zanzibar, wakapelekwa bonde la mto Juba. Wengine mpaka leo wanaongea Kizigua, lugha ya Handeni mkoani Tanga.

Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 walinyang'anywa mazao na wengi waliuawa. Waliosalia walikimbilia Dadaab. Huko walisema wazi kwamba hawataki kurudi Somalia. Wakaomba warudishwe Tanzania, nchi ya mababu zao. Lakini baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Tanzania ilielemewa na wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na mpango wa kuwapokea kwa wingi ukafa. Ikaombwa Msumbiji. Msumbiji ilionekana kukubali, kisha ikasema haina uwezo. Hapo walikuwa wameshakwama mara mbili.

Mwishoni mwa mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwafikiria. Watu wakafurahi. Likaja shambulio la Septemba 11, 2001 huko New York na Washington, na mambo yakasimama tena. Usalama wa Dadaab ulikuwa mbaya kwa maofisa kufanya mahojiano, kwa hiyo mwaka 2002 watu wapatao 12,000 walipakiwa kwenye mabasi na kuvushwa Kenya nzima, zaidi ya kilomita 1,000, mpaka Kakuma. Walifikiri wakifika Kakuma wataondoka mara moja. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na mahojiano mapya, uchunguzi mpya na vipimo vipya. Wa kwanza waliondoka mwaka 2003, na wengine waliendelea kungoja miaka kadhaa baada ya hapo.

Walifanya nini Kakuma katika kungoja? Waliingia darasani. Wakulima ambao hawakuwahi kushika kalamu walijifunza kuandika majina yao. Akina mama walijifunza maneno ya kwanza ya Kiingereza wakiwa na watoto mgongoni. Walionyeshwa jiko la umeme, choo cha ndani, ngazi za ghorofa. Leo watu hao na watoto wao wako Lewiston katika jimbo la Maine, Columbus katika jimbo la Ohio, na miji mingine mingi. Na wale ambao hawakwenda Marekani? Wapo waliokuwa wamevuka kwa mashua mpaka Tanga tangu mwanzo wa vita. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, Handeni, wakapewa mashamba, na baadaye wengi walipewa uraia wa Tanzania. Nao pia walifika kwao, kwa njia nyingine.

Tunawataja hawa kwa sababu mlango waliougonga kwanza ulifungwa, na wa pili ukafungwa. Kama wangechukua jibu la Msumbiji kuwa neno la mwisho, wangekufa moyo miaka kadhaa kabla ya ndege ya kwanza.

MLANGO HUFUNGWA BILA KOSA LAKO

Mtu kesi yake ikikwama huanza kujilaumu au kumlaumu mwenzake wa ndoa: "Ulijibu vibaya kwenye mahojiano." "Wewe ndiye uliyesema tarehe isiyo sahihi." Ndoa nyingi zimeumizwa hivyo. Ni kweli zipo kesi zinazokwama kwa sababu ya majibu yasiyolingana. Lakini mara nyingi sababu iko mbali kabisa na kambi. Tazama:

Mwaka 2001. Baada ya Septemba 11, Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi kwa muda, kisha ikaongeza uchunguzi. Katika mwaka wa fedha wa 2002 walipokelewa karibu watu 27,000 tu, ingawa nafasi zilikuwa 70,000. Vijana wa Sudan waliokuwa wakiondoka Kakuma kwa makundi wakakatishwa. Wenzao walikwisha fika Amerika, wao wakabaki kutazama uwanja wa ndege mtupu.

Mwaka 2017. Tarehe 27 Januari amri ya rais wa Marekani ilisimamisha mpango kwa siku 120. Wasomali kama 140 walikuwa tayari Nairobi kwenye kituo cha kungojea ndege, mizigo imefungwa. Walirudishwa Dadaab.

Mwaka 2020. Tarehe 17 Machi, UNHCR na IOM walitangaza kusimamisha kwa muda safari za wakimbizi kwenda nchi ya tatu kwa sababu ya korona. Mwezi Juni walitangaza zinaanza tena.

Mwaka 2025. Tarehe 20 Januari ilitolewa amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha pangwa zikafutwa. Baadaye mwaka huohuo Marekani ilitangaza kikomo cha watu 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026, na nafasi nyingi zikatengwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini.

Hakuna hata moja katika haya lililosababishwa na jibu la baba au mama fulani kambini. Kwa hiyo kabla hamjagombana nyumbani, ulizeni ofisi inayohusika sababu ni nini.

Tuseme ukweli mwingine, ingawa ni mchungu. Katika wakimbizi wote wa dunia, wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka ni chini ya mmoja katika mia. Ndiyo maana hatukuambii "ngoja tu, utakwenda." Tunakuambia uishi kwa namna ambayo ukienda utakuwa tayari, na usipokwenda hutakuwa umepoteza miaka yako.

VIPIMO VYA SAFARI: KUCHELEWESHWA SI KUKATALIWA

Hapa ndipo sisi wa afya tunapohusika zaidi. Watu wengi wanaogopa vipimo vya safari, ambavyo wengine huviita medikali. Wanadhani ni mtihani wa kufaulu au kufeli. Lengo lake ni kuona kama unaweza kusafiri salama, kama una ugonjwa wa kuambukiza unaohitaji kutibiwa kwanza, na kama utahitaji daktari mara ukifika.

Ugonjwa unaochelewesha watu wengi ni kifua kikuu, yaani TB. Tuchukue mfano wa familia ya watu sita inayojiandaa kwenda Marekani. Wenye miaka 15 na zaidi wanapigwa picha ya kifua. Picha ya baba ina doa. Anaombwa makohozi mara tatu, kwa siku tatu. Makohozi hutazamwa kwa darubini, halafu huoteshwa maabara kuona kama vijidudu vitamea. Kuotesha huko huweza kuchukua wiki nane. Ikionekana ana TB, anatibiwa kwanza. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, akimeza dawa mbele ya mhudumu. Akimaliza anapimwa tena.

Jumla yake ni karibu mwaka mmoja. Katika mwaka huo vipimo vya mama na watoto vinaisha muda, kwa sababu vya safari ya Marekani huwa halali miezi sita, na kwa wengine mitatu. Inabidi warudie. Majirani wanaanza kusema, "Wale wamefeli." Baba anaona amewaangusha watoto wake. Mama ananyamaza.

Lakini tazama kilichotokea kweli. Baba alikuwa na ugonjwa unaoua, nao umegunduliwa mapema. Asingepimwa angeweza kuwaambukiza watoto wake kwenye chumba kimoja wanacholala wote. Kesi yao haikufa, ilingojea dawa zifanye kazi. Kinachoua kesi, na kinachoua mtu, ni kuacha dawa mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimepungua. TB iliyoachwa katikati hurudi ikiwa sugu, na TB sugu huchukua muda mrefu zaidi kutibika.

Kwa hiyo tunasema: usingoje kuitwa medikali. Kama wewe au mtu wa nyumbani anakohoa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku, anapungua uzito, njoo upimwe sasa. Kupima TB na dawa zake ni bure. Mtu aliyetibiwa kabla ya kuitwa, na anayeweza kuonyesha kadi yake ya matibabu, amejiokolea miezi mingi.

Mambo mengine ya kuweka sawa mapema:

Chanjo. Tunza kadi za watoto mahali pakavu. Kadi ikipotea, chanjo nyingine zitarudiwa.

Shinikizo la damu, kisukari, kifafa. Haya hayamzuii mtu kusafiri yakiwa yametulizwa. Presha iliyopanda sana siku ya safari inaweza kukushusha kwenye orodha ya ndege. Meza dawa kila siku, hata ukijisikia vizuri.

Minyoo na malaria. Wasafiri wengi hupewa dawa zake kabla ya kuondoka. Mezeni mbele ya mhudumu kama mnavyoambiwa.

MAMBO SABA YA KUFANYA WAKATI UNANGOJA

1. Gawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale usiyoyaweza: amri za serikali, idadi ya nafasi, ratiba za ndege. Fungu la pili ni yale unayoyaweza: dawa, shamba, shule, lugha, karatasi zako. Kila asubuhi fanya jambo moja la fungu la pili. Jioni utakuwa na kitu cha kuonyesha.

2. Weka siku ya kuuliza. Badala ya kwenda ubaoni mara tatu kwa siku, chagua siku moja katika wiki. Hakikisha ofisi ina namba ya simu inayopatikana. Siku nyingine zipe kazi yako.

3. Usiuze kinachokulisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa, lakini ndio unaolalia leo. Mabati, jembe, cherehani na mbuzi viuze au vigawe ukiwa na tarehe ya safari mkononi, na hata hapo anza na vile usivyovihitaji sana. Waliorudishwa Dadaab mwaka 2017 walikuwa wameshafika Nairobi.

4. Mtoto abaki shule. Cheti cha shule ni mzigo usiozidi kilo, na hakuna anayeuzuia uwanja wa ndege. Tena shule yenyewe inaweza kuwa njia. Tangu mwaka 1978 shirika la Canada liitwalo WUSC limekuwa likiwapeleka vijana wakimbizi kusoma vyuo vikuu vya huko, na wengi wametoka Kakuma na Dadaab. Walichaguliwa kwa matokeo ya mitihani yao ya sekondari. Aliyeacha shule ili angojee safari hakuweza hata kuomba.

5. Jifunze kitu kwa mikono au kwa mdomo. Kiingereza au Kifaransa, kushona, useremala, kutengeneza simu, kupika kwa biashara, kunyoa. Hiyo kazi itakulisha hapa na itakulisha huko. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akacheza mpira huko bila viatu akiwa mtoto. Mwaka 2006 familia yake ilipokelewa Australia, na mwaka 2022 alikuwa kwenye timu ya taifa ya Australia katika Kombe la Dunia nchini Qatar. Si kila mtoto atafika hapo. Lakini mpira wake aliuanzia kambini, hakungoja kufika Australia.

6. Usiwe peke yako. Nenda kwaya, msikitini, kanisani, kikundi cha akiba, uwanja wa mpira. Mwili unaofanya kazi mchana hulala usiku. Punguza pombe, kwa sababu usingizi wa pombe hukatika saa nane za usiku na mawazo yanarudi yakiwa makali zaidi.

7. Waambie watoto ukweli. Mtoto anasikia manong'ono na kubeba hofu ambayo hajui jina lake. Mwambie: "Tumeomba, bado hatujajibiwa. Tukijibiwa tutakuambia. Kwa sasa kazi yako ni kusoma na kucheza." Usimpe tarehe usiyo nayo.

MASWALI MLIYOTUULIZA

Ninameza dawa za VVU. Je, safari yangu imekwisha?
Hapana. Zamani VVU vilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kuingia Marekani, na mkimbizi alihitaji kibali maalumu. Vilitolewa kwenye orodha hiyo tarehe 4 Januari 2010. Endelea na dawa bila kukosa hata siku moja. Ukiitwa kusafiri, tuambie mapema ili uondoke na dawa za kutosha na barua ya kliniki.

Mke wangu ni mjamzito. Watu wanasema tufiche ili tusicheleweshwe.
Msifiche. Mimba ikiwa kubwa mashirika ya ndege hayakubali kumbeba mama, na itajulikana tu. Kujifungua ndani ya ndege ni hatari kwa mama na mtoto. Mama ahudhurie kliniki, azalie kituoni, na mtoto aandikishwe mara moja kwenye kesi yenu. Mtoto asiyeandikwa ndiye anayechelewesha zaidi. Ni hivyo hivyo kwa ndoa mpya, talaka au msiba: toa taarifa.

Kuna mtu anasema nikimpa pesa atasukuma faili langu.
Mwizi huyo. Hakuna malipo ya mahojiano, ya vipimo, wala ya jina kuwekwa kwenye orodha. Mtu anayedai pesa, au anayedai mwili wa binti au mwanamke, mripoti kwa UNHCR, kwa polisi au kwa mtu wa ulinzi unayemwamini. Wala usinunue jina au kadi ya mtu mwingine. Alama za vidole zitasema, na familia yako nzima inaweza kufungiwa mlango.

Nimepata barua ya kukataliwa. Nimekwisha?
Barua hiyo huwa na sababu, na mara nyingine huwa na muda wa kuomba kesi itazamwe tena. Kwa mahojiano ya Marekani muda huo umekuwa siku 90. Usiichane barua kwa hasira. Ipeleke ofisini usomewe vizuri. Na hata kama jibu ni la mwisho, wewe hujakwisha. Nchi moja imesema hapana. Kadi yako ya ukimbizi, shamba lako, shule ya watoto na matibabu yako havijaondolewa.

Jirani yangu amekaa ndani siku nne, anasema afadhali afe.
Usimwambie "vumilia" ukaondoka. Kaa naye. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoa kamba, sumu ya panya, dawa za shamba na visu karibu naye. Msimwache peke yake hata usiku. Mleteni kituo cha afya siku hiyohiyo, au mwiteni mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Anahitaji matibabu kama mtu wa malaria, wala si aibu ya ukoo.

MWISHO

Kama jina lako litatoka kesho, tunataka likukute unameza dawa zako, watoto wako shuleni, karatasi zako zimefungwa kwenye nailoni, na nyumbani kuna amani. Kama halitatoka mwaka huu, tunataka likukosee ukiwa vivyo hivyo. Dereva wa Malaba hakuweza kusogeza foleni, lakini alipoambiwa washa gari, alikuwa mzima na lori lake lilikuwa na mafuta.

Unayekohoa, unayekosa usingizi, unayelia bila kujua sababu, au uliyechoka tu kungoja: njoo kituo cha afya. Huna haja ya kuja na homa ili usikilizwe. Na ukimaliza kusoma jarida hili mpe jirani, hasa yule ambaye jina lake liliondolewa ubaoni.